Tangazo la kulipia mbofyo linapokula mtaji: lirekebishwe vipi?

Wauzaji wengi wa vitunguu saumu, asali na nafaka katika wilaya za Mbulu na Hanang, pamoja na vijana wanaoongoza wageni kupanda Mlima Hanang, siku hizi wanatangaza kwa kulipia kwenye Facebook, Instagram na Google. Mtaani wanasema "nimesponsa" au "nimebusti". Lalamiko tunalolisikia zaidi ni kwamba hela inakatwa, takwimu zinaonyesha mamia ya watu wamebofya, lakini wanunuzi hawaonekani.

Kwa mtu mmoja hiyo ni hasara ya kuuma meno. Kwa kikundi ni jambo zito zaidi. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu), hurejeshwa na wanakikundi wote. Shilingi laki moja ikiteketea kwenye tangazo, deni halimtazami aliyeshika simu peke yake. Ndiyo maana tumeona tueleze kwa utulivu jinsi matangazo haya yanavyofanya kazi, na nini cha kurekebisha kabla ya kuongeza hela nyingine.

Mbofyo ni nini, na bei yake inatoka wapi

Zamani kidogo, matangazo ya intaneti yaliuzwa kama yale ya gazeti: unalipa kwa idadi ya watu wanaoliona. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iliyoitwa GoTo.com ilianza kuuza nafasi kwenye matokeo ya utafutaji kwa mnada, mtangazaji akilipa pale tu mtu anapobofya. Google ilianzisha huduma yake ya matangazo mwaka 2000, ikahamia kwenye malipo ya mbofyo mwaka 2002, na tangu 2018 huduma hiyo inaitwa Google Ads.

Anayejua mnada wa ng'ombe wa Katesh au Haydom ataelewa nusu ya jambo hili. Kila mtu anapoandika kitu kwenye Google, mnada mdogo unafanyika papo hapo kati ya wote wanaotaka tangazo lao litokee. Nusu ya pili ndiyo wengi hawaijui: mwenye bei kubwa si lazima ashinde. Google hupima pia ubora wa tangazo, na humwonyesha mtangazaji alama kuanzia 1 hadi 10 kwa kuangalia mambo matatu: uwezekano wa watu kulibofya, kama linalingana na kile mtu alichotafuta, na kama ukurasa anaofikishwa unamfaa. Tangazo lenye alama nzuri linaweza kukaa juu ya lile la mwenye hela nyingi, na likalipa kidogo kwa kila mbofyo. Kwa hiyo kupandisha dau, ambalo ndilo jambo la kwanza watu wengi hulifanya mambo yakienda vibaya, ndiyo dawa ya bei ghali kuliko zote.

Facebook na Instagram zina utaratibu tofauti kidogo. Mara nyingi unalipia tangazo kuonekana, kisha mfumo unagawanya gharama kwa idadi ya mibofyo na kukuonyesha "gharama kwa mbofyo". Huko mtu hajatafuta kitu. Alikuwa anaangalia picha za harusi ya binamu yake, tangazo lako likapita mbele ya macho. Usitegemee mbofyo wa huko uwe na nia sawa na wa mtu aliyeandika "bei ya kitunguu saumu leo".

Kwanza hesabu, kwa kalamu na karatasi

Tuchukue mfano wa muuza vitunguu saumu wa Mbulu anayetuma mizigo midogo Arusha na Dar es Salaam kwa basi. Takwimu hizi ni za mfano tu, weka zako.

Amelipia mibofyo 400 kwa shilingi 150 kila mmoja, jumla 60,000. Aangalie risiti vizuri, maana Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 haiachi huduma za mtandaoni zinazonunuliwa kwa kampuni za nje. Ikiongezwa, gharama inafika 70,800. Katika wale 400, watu 40 wamemwandikia WhatsApp, na wanne wamenunua. Kila mnunuzi anamwachia faida ya shilingi 9,000 baada ya kutoa gharama ya vitunguu, gunia, kufungasha na bodaboda ya kupeleka stendi. Amepata 36,000. Amepoteza 34,800.

Sasa swali la msingi: mbofyo mmoja una thamani gani kwake? Mteja mmoja anapatikana katika kila mibofyo 100, na mteja huyo ana faida ya 9,000. Basi mbofyo una thamani ya shilingi 90, kodi ikiwemo. Ukitoa kodi, ni kama shilingi 76 kwenye bei inayotajwa na mfumo. Yeye analipa 150. Hata akiongeza bajeti mara kumi, atakachopata ni hasara mara kumi.

Namba hiyo, yaani faida ya mauzo moja ikizidishwa na sehemu ya wanaobofya ambao hatimaye hununua, ndiyo dira ya kila kitu kinachofuata. Asiyeijua hawezi kujua kama tangazo lake ni bovu au zuri. Kuna anayelipa shilingi 400 kwa mbofyo na bado anapata faida, na kuna anayelipa 40 akafilisika.

Hesabu hiyo pia inaonyesha njia tatu tu za kutoka shimoni: kupunguza mibofyo isiyo na maana, kuongeza sehemu ya wanaobofya wanaonunua, au kuongeza faida katika kila mauzo. Ya tatu husahaulika. Muuzaji akiweka kiwango cha chini cha oda, tuseme asiuze chini ya nusu gunia, atapoteza wanunuzi wadogo, lakini safari ya stendi na muda wa kujibu meseji ni ule ule kwa mzigo mdogo na mkubwa.

Watu waliokuja kwa jambo jingine

Hapa ndipo hela nyingi ya watu wetu inapovujia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Andika "kitunguu saumu" kwenye simu yako uone Google inavyokumalizia sentensi. Faida za kitunguu saumu. Kitunguu saumu na asali. Kitunguu saumu kwa kupunguza uzito. Dawa ya hiki na kile. Watafutaji wengi wa maneno hayo hawataki kununua hata kichwa kimoja; wanacho tayari jikoni, wanataka kujua wakitafune au wakichemshe. Wengine ni wakulima wenzako wanaotafuta mbegu au nafasi za kupandia. Ukinunua neno "kitunguu saumu" likiwa wazi bila kizuizi, unawalipia wote hao.

Kwa anayeongoza wageni mlimani hali ni ngumu zaidi. Neno "Hanang" ni mlima, ni wilaya, ni halmashauri. Anayeliandika anaweza kuwa anatafuta nafasi za kazi za halmashauri, matokeo ya mtihani wa darasa la saba, au habari za maporomoko ya tope na mawe yaliyoupiga mji wa Katesh na vijiji jirani tarehe 3 Desemba 2023. Mtu anayetafuta habari za msiba ule akikutana na tangazo la "njoo upande mlima", halitamvutia, na pengine litamuudhi. Akilibofya kwa bahati mbaya, umelipa.

Tiba ipo ndani ya Google Ads kwenyewe, na haina gharama. Ipo ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika hasa kabla ya kuona tangazo lako. Wengi hawajawahi kuifungua. Wanaangalia maneno waliyoyachagua wao, hawaangalii yale ambayo watu waliyaandika, na hayo ni mambo mawili tofauti. Fungua ripoti hiyo kila wiki, soma mstari kwa mstari, kisha chukua maneno yasiyo yako uyaweke kwenye orodha ya maneno ya kukataa. Kwa vitunguu: faida, dawa, tiba, mbegu, kilimo, jinsi ya, mapishi. Kwa mlima: ajira, nafasi za kazi, matokeo, maporomoko, mafuriko, mkuu wa wilaya. Tangazo halitatokea tena mtu akitafuta yenye maneno hayo.

Pamoja na hilo, punguza upana wa maneno unayonunua. Neno likiandikwa hivi hivi tu, Google hulitafsiri kwa upana inavyoona inafaa. Likiwekwa ndani ya alama za kunukuu, mfumo hubaki karibu na maana ya fungu hilo. Likiwekwa ndani ya mabano ya mraba, hubana zaidi. Mwenye bajeti ndogo aanze na mabano na alama za kunukuu: "vitunguu saumu vya jumla", "bei ya kitunguu saumu Arusha", "kupanda mlima Hanang". Watakaoona watapungua, na ndivyo inavyotakiwa.

Turudi kwa muuzaji wetu. Akikataa maneno hayo na mibofyo ikashuka kutoka 400 hadi 220, gharama inakuwa 33,000, na pamoja na kodi 38,940. Waliondoka ni watafuta dawa; wale wanunuzi wanne bado wapo, na 36,000 yake ipo. Hasara imeshuka kutoka 34,800 hadi 2,940, bila kugusa tangazo lenyewe wala bei ya mbofyo.

Mahali nako kunahitaji macho. Kutangaza vitunguu saumu kwa watu walioko Dongobesh ni kuwauzia wakulima mazao yao wenyewe; mnunuzi yuko Arusha, Kariakoo au Nairobi. Mpangilio wa kawaida wa Google huwajumuisha waliopo mahali ulipochagua pamoja na wale wanaoonyesha kupendezwa na mahali hapo. Muuza mazao achague waliopo tu. Anayeongoza wageni afikirie kinyume, maana mteja wake leo anaweza kuwa Ujerumani au Uholanzi akipanga likizo, na tangazo lake liwe kwa Kiingereza, likitaja kimo cha mlima, zaidi ya mita 3,400, na kwamba njia ya kupandia inaanzia karibu na mji wa Katesh.

Kuna mitego mingine miwili ya mipangilio. Kampeni mpya ya utafutaji ya Google mara nyingi huja ikiwa imeruhusiwa pia kutokea kwenye tovuti na programu nyingine nje ya matokeo ya utafutaji. Kwenye michezo ya simu, mtoto akigusa kioo vibaya huo ni mbofyo. Google hurudisha fedha za mibofyo inayoitambua kuwa batili, lakini kidole cha mtoto si rahisi kukitambua. Ondoa ruhusa hiyo mpaka utakapokuwa na hela ya kujaribia. Upande wa Facebook, mtego ni lengo la kampeni. Ukichagua kwamba unataka watu wabofye, mfumo utakutafutia watu wenye tabia ya kubofya kila kitu, kwa sababu ndicho ulichoomba. Ukitaka meseji, chagua meseji. Bei kwa kila mbofyo huenda ikapanda, na usiogope hilo kama wanunuzi nao wanaongezeka.

Halafu bajeti ya siku. Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya kiasi ulichoweka kwa siku moja, ikifidia siku nyingine, ili mradi mwezi usizidi kiasi cha siku ukizidisha kwa 30.4. Mwenye salio dogo kwenye kadi alijue hilo mapema. Na anayetumia iPhone ajue kwamba Meta ilitangaza Februari 2024 kuwa kubusti ndani ya programu zake za iPhone kutaongezewa ada ya Apple ya asilimia 30, kuanzia Marekani. Lipia kupitia kivinjari.

Akishabofya, anakuta nini?

Mtu ameona tangazo la vitunguu, amebofya, amefikishwa kwenye ukurasa wa Facebook ambao picha ya juu ni ya mwaka juzi, bei haipo, na maoni ya chini yanauliza "bei gani?" yakijibiwa "njoo inbox". Anaondoka. Kwa maoni yetu, jibu hilo la "njoo inbox" limepoteza wateja wengi nchini kuliko bei mbaya ya vitunguu. Weka bei, hata kama ni ya wiki hii tu, na useme ni ya tarehe gani. Weka kiwango cha chini cha oda, nauli ya basi hadi Arusha na Dar, na siku unazosafirisha. Asiyeimudu bei atapita bila kubofya, na hiyo ni hela imebaki mfukoni mwako.

Tovuti kwa wengi si lazima. Kama unayo, iwe nyepesi: mtu anayetumia bando la shilingi mia tano hatasubiri picha kumi zifunguke. WhatsApp Business ni ya bure na ina katalogi ya bidhaa, majibu ya haraka na lebo za kupanga wateja. Kiungo cha wa.me kinaweza kubeba maneno ambayo tayari yameandikwa, kwa mfano "Nimeona tangazo la gunia". Tengeneza kiungo chenye maneno tofauti kwa kila tangazo. Meseji ikiingia tu, unajua imetoka wapi. Weka lebo: ameuliza, ameletewa bei, amelipa. Mwisho wa wiki hesabu lebo. Hicho ni kipimo cha uhakika kuliko grafu nyingi za kwenye simu, na mwenye daftari anaweza kukifanya bila hata lebo.

Kasi ya kujibu nayo ni sehemu ya tangazo. Kama mchana kutwa uko shambani kusiko na mtandao, usiruhusu tangazo liendelee kutokea saa hizo. Google inaruhusu kuchagua saa na siku. Mteja wa Kariakoo anayeuliza saa nne asubuhi na kujibiwa saa mbili usiku alishanunua kwa mwingine.

Kubwa kuliko yote ni woga wa kutapeliwa. Mnunuzi aliyeko Dar hakujui, na wewe unamwambia atume hela kwanza. Mtafutie sababu ya kukuamini: Lipa Namba inayoonyesha jina la biashara badala ya namba ya mtu binafsi, usajili wa BRELA, picha ya mzigo wake ukiwa na tarehe, namba ya tiketi ya mzigo kutoka kwa wakala wa basi. Wengine hukubali nusu kabla na nusu mzigo ukifika. Ni hatari kwako, lakini ikiwa inageuza wateja wanne kuwa sita, hesabu ya muuzaji wetu inabadilika: 54,000 ukitoa 38,940, amebaki na 15,060.

Sita na wanne ni namba ndogo, tuseme hivyo wazi. Wiki moja ya wateja wanne inaweza kuwa bahati, kama ilivyo wiki ya mteja mmoja. Usibadilishe picha, bei, mahali na maneno kwa siku moja, kwani hutajua kilichosaidia ni kipi. Badilisha kitu kimoja, acha wiki mbili, hesabu lebo, ndipo uguse kingine. Mifumo yenyewe inahitaji muda: Facebook huelekeza kwamba kampeni hutulia baada ya kupata kama matokeo 50 ndani ya wiki, kiwango ambacho biashara nyingi za huku hazitakifikia, na ndiyo sababu ya kutogawa bajeti ndogo kwenye matangazo matano kwa wakati mmoja.

Kuna wakati wa kulizima

Redio nayo huishi kwa matangazo, kwa hiyo msomaji atupime anavyoona inafaa. Lakini kama wateja wako wote wako Haydom, Endasak au Basotu, kumlipa mtu aliyeko California akutafutie jirani yako ni kuzunguka mbuyu. Kibao, siku ya mnada na neno la mteja aliyeridhika vitakufikisha mapema zaidi.

Bei ya vitunguu saumu nayo hupanda na kushuka sana. Msimu wa mavuno, soko likijaa na faida ya mauzo ikishuka kutoka 9,000 hadi 3,000, thamani ya mbofyo wako inashuka kutoka 90 hadi 30 kwa siku hiyo hiyo. Mnada wa Google haujui habari hiyo na hautakupunguzia. Simamisha kampeni, usiifute, ili kumbukumbu zake na orodha ya maneno ya kukataa vibaki kwa ajili ya msimu unaofuata.

Wakati imezimwa, warudie walionunua. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hufikisha ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 bila malipo ya mbofyo, lakini unawafikia tu wale waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Waombe waihifadhi siku wanapopokea mzigo. Waombe pia ridhaa ya kuwatumia bei, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa hata daftari la wateja la muuza vitunguu.